Pima ya Faki

Siku yangu ya kwanza msituni niliamriwa nishuke kabla sijafika popote. Mimi ni mtoto wa mashamba ya karafuu, nimeparamia miti tangu sijaota meno ya pili, na nilipoambiwa kwamba kazi yenyewe ni kupanda miti nilicheka moyoni. Nikavua makubadhi yangu, nikaukumbatia mgulele mmoja wa wastani, nikaanza kuparaga mbele ya wakubwa ili wanione. Mkuu wa Kituo, mzee mwembamba wa kofia ya kiua na buti za mpira, aliniacha nifike kimo cha paa la nyumba, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Hapa hatuchumi karafuu, bwana mdogo. Shuka. Na ukipanda tena, panda kama mtu mwenye mama nyumbani."

Nikashuka na uso umenishuka. Mwaka mzima kabla ya hapo nilikuwa kitaluni Tibirinzi, kazi yangu kujaza udongo kwenye viriba na kumwagia miche, na nilikuwa nimeomba mno kuhamishwa. Sasa nimehamishwa, na ndani ya robo saa nishaonekana mjinga. Aliyenitoa aibu alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, aliyekuwa amekaa juu ya mzizi anasokota kamba. Akanambia nisijali, yeye siku yake ya kwanza alipotea msituni mpaka alasiri. Jina lake Faki, mtu wa Micheweni, mvuvi wa nyavu aliyechoka na bahari akaomba kazi ya serikali. Mkuu wa Kituo akatuweka pamoja: mimi mpandaji, yeye mshika kamba. Tulikaa hivyo karibu umri wote wa kazi.

Vijana wa leo mnaoniuliza habari za kazi ile, kwanza nikwambieni kwa nini ilikuwapo. Kila mti mkubwa wa asili ulikuwa na kibati cha namba kilichopigiliwa shinani, na kila baada ya muda ilibidi tuandike kwenye daftari mambo matatu: mzingo, kimo na afya. Mzingo ni unene wa shina, unazungushia tepu usawa wa kifua na unamaliza. Afya ni macho na pua; mti uliooza ndani una harufu yake, na ukiugonga kwa mpini wa panga unakujibu vyengine. Kimo ndiyo kazi. Kipo kifaa cha kupimia pembe, unasimama mbali, unatazama kilele, unafanya hesabu, lakini hicho kinataka mti uliosimama peke yake. Msitu wetu umefunga. Ukisimama chini ukatafuta kilele cha mvule mmoja katikati ya majani yale, ni kama kumtafuta mtu wako kwenye sala ya Idi. Basi ilibidi mtu apande.

Na mvule si mkarafuu. Mkarafuu una matawi tangu chini, ngazi ya Mungu. Mvule umenyooka mtupu, tawi la kwanza liko huko juu ambako ukianguka hakuna wa kukuuliza uliumia wapi. Faki ndiye aliyetuletea ufundi wa kwao. Alifunga chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, kwenye uzi mwembamba, akaivurumisha kwa manati mpaka ikavuka juu ya tawi na kuanguka upande wa pili. Uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta kamba nene, na kwenye kamba nene nikapanda mimi na mkanda wangu kiunoni, yeye chini ananishikilia mwisho wa pili. Nikifika mahala shina linaponibeba kwa mara ya mwisho, nashusha tepu mpaka chini, na kile kipande cha juu nakipima kwa fito. Kabla sijaacha ardhi Faki alikuwa hasemi neno ila "Bismillahi", na hanifungulii kamba mpaka nami niitikie.

Sasa nije kwenye kosa, maana nimeahidi nafsi yangu kwamba nitalisema mapema nisije nikaonekana nalizungukazunguka.

Tepu ya kituo ilikuwa moja, ya chuma, imo ndani ya kasha lake la ngozi, na Mkuu wa Kituo alitukabidhi kwa maneno mengi kuliko baba anayeozesha binti. Mwezi wangu wa nne, nikiwa juu ya mvule namba saba, niliitoa kashani bila kuifunga mkononi. Ikanichopoka. Nikaisikia ikigonga ubavu wa mti, ikagonga tena, kisha kimya. Nilipofika chini Faki alikuwa ameikusanya vipande vipande kutoka kwenye tope. Mimi naogopa, si kuanguka, naogopa kurudishwa Tibirinzi kwenye viriba. Faki akanitazama.

"Wewe mzima?"

"Mzima."

"Basi. Chuma hakina mama wa kukililia."

Akachukua kamba ya katani iliyokuwa mpya, akatanua mikono yake miwili, kifua mbele, akaanza kuipima pima kwa pima, toka ncha ya kidole cha kati cha kulia mpaka ncha ya kidole cha kati cha kushoto, na kila pima moja akafunga kitambaa chekundu. Nikataka kumsaidia, tumalize upesi, mimi nipime nusu. Akanipokonya. Akasema kamba haipimwi kwa mikono ya watu wawili. Kwao Micheweni, kamba za nyavu mtu mmoja ndiye huzipima mwanzo mpaka mwisho, na akiugua nyavu humngoja, kwa sababu mikono ya watu wawili ikichanganyika nyavu hukaa upande ndani ya maji. Mie nikaona ni ubishi wa wavuvi, nikamwachia.

Daftari lilitaka mita. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye mwenye kalamu. Nilikumbuka kwamba mwalimu wetu alisema pima moja ni karibu mita mbili. Lile neno karibu nikaliacha nje. Mvule namba saba ulikuwa pima ishirini na mbili; nikazidisha kwa mbili, nikaandika mita arubaini na nne kwa mwandiko mzuri kabisa. Tukasema ni kwa muda tu, mpaka tupate ujasiri wa kumwambia mzee wa kofia. Ujasiri haukuja. Yeye akahamishwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mpaka anakufa hakujua.

Akaja mkuu wa pili, mtu wa Unguja, mkali wa kucha safi na madaftari yenye jalada. Miezi michache baadae huyu akatuletea tepu mpya. Siku ile ile tukaenda nayo kwenye namba saba mimi na Faki peke yetu, nikapanda, nikaishusha. Thalathini na nane. Nikaipandisha, nikaishusha tena. Thalathini na nane. Nikakaa kule juu muda mrefu nimekumbatia tawi. Ningefanya nini? Kwenye daftari mlikuwa na miti chungu nzima niliyoirefusha, na mkuu mpya keshaipeleka orodha makao makuu na kumsifu mpimaji wake. Nikishusha namba moja sharti nizishushe zote, na nikizishusha zote sharti niseme kwa nini. Nikashuka nikamwambia Faki, tuendelee na kamba. Aliikunja tepu akaitia kashani, akaichukua kamba yake.

Njia ya mwongo fupi, husemwa. Yangu ilikuwa ndefu, wallahi. Kamba ile ya kwanza ilioza, Faki akatengeneza nyengine kwa mikono yake, na ya tatu, na ya nne. Nilipelekwa Pujini miaka miwili kusimamia upandaji wa miti pembezoni mwa mashamba, huko nikajifunza subira, kwa sababu mwenye shamba haupendi mti usioliwa matunda. Nikarudi msituni nikiwa Mpimaji Mkuu, na bado tunaandika kwa pima na kuzidisha kwa mbili. Mvule namba saba ukapata jina. Wageni wakiletwa huambiwa, huu ndio mrefu kuliko yote, na wafanyakazi wakauita Mvule wa Faki kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeweza kuupitishia chubwi kwa pigo moja. Akisikia hivyo anatazama pembeni. Nilidhani ni haya.

Kisha Faki akapigwa na kiharusi. Akaamka asubuhi mkono wa kushoto umekunjika, mguu anauburura, akarudi kwao Micheweni kwa mkewe Bi Time. Mimi sikupanda tena. Sikuwa na wa kunishikia kamba, na umri nao ulikuwa umeshapiga hodi. Nikabaki ofisini na madaftari.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaletwa mtaalamu, mwanamke kijana mwenye heshima na akili kali, sote tukimwita Bi Mtaalamu. Alikuja na kifaa cha mwanga kisichozidi kopo la maziwa. Vijana wanapanda nacho, wanakielekeza chini, kinasoma chenyewe. Wakapima msitu mzima. Siku moja akaniita, ameweka juu ya meza moja daftari letu la zamani na karatasi zake, uso umemwinamia.

"Mzee Kombo, miti inakufa."

Akanionesha. Kila mti mkongwe ulikuwa umepungua, mmoja mita nne, mwengine sita. Akanieleza kwa upole, kama anayempa mtu habari ya msiba, kwamba mti ukizeeka huanza kufa kileleni, matawi ya juu hukauka yakavunjika, na kuoza kukishuka ndani ya shina mti hauna faida tena, utaanguka uvunje na midogo. Ameshaandika ripoti. Mivule mikongwe ile iliyopungua sana ikatwe ingali na mbao, midogo ipate jua. Ripoti imeshakubaliwa, wakataji wanakuja baada ya Idi. Namba saba ulikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu ndio uliopungua kuliko yote, na ulikuwa umeshatiwa alama ya rangi nyekundu.

Sikusema neno. Naam, nilikaa pale, mtu mzima na ndevu zangu nyeupe, nikanyamaza. Nikaenda nyumbani nikakataa chakula. Ningesema, ningejivunjia jina langu miezi michache kabla ya kustaafu, na hilo ningelibeba. Lakini watu wangeuliza kamba ilikuwa ya nani. Wangesema ni ya Faki. Mvuvi wa Micheweni asiyejua kupima, mti wenye jina lake ulikuwa uongo. Yeye yuko kitandani, hawezi hata kuja kujitetea. Siku ya tatu nikapanda gari ya Micheweni.

Nilimkuta kibarazani, Bi Time kamwekea mto. Tukaulizana hali, nikanywa chai yangu nusu, kisha nikamweleza yote, orodha, rangi nyekundu, kila kitu. Nikamwambia, Faki, nilizidisha kwa mbili na pima yako si mita mbili, nimekudanganyia kamba yako umri mzima na wewe hujui.

"Najua," akasema. Maneno yalikuwa yanamtoka polepole, mdomo umekwenda upande. "Ulikuwa ukizidisha kwa sauti, Kombo. Mie nilikuwa chini ya mti, si kiziwi. Nami ni mfupi, pima yangu naijua tangu utoto."

"Mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa." Akapumzika. "Halafu ningeshika kamba ya nani?"

Nililia, sioni haya kusema. Bi Time, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele kama hasikii, akasema bila kuinua kichwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wawili tumeficha maradhi ya miti, si yetu. Faki akaniuliza kama namba saba imo kwenye orodha. Nikamwambia imo. Akanambia nikaseme, na niseme na jina lake, nisimpunguze wala nisimzidishe.

Siku ya pili yake nikaingia kwa Bi Mtaalamu, nikafunga mlango, nikasema kuanzia tepu iliyoanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikasirika, lakini hakupiga kelele. Akaniuliza kama najua ni watu wangapi wameyatumia madaftari yale. Nikasema najua. Akasema hata akiniamini haitoshi, hawezi kuandika makao makuu kwamba mzee mmoja kaja kusema kamba ilikuwa fupi. Fupi kiasi gani? Kamba yenyewe iko wapi?

Kamba zote zilikuwa zimeshaoza. Nikamwambia hivyo, na nikaona anaanza kuyafunga madaftari. Hapo ndipo yaliponijia maneno ya Faki ya siku ile ya kwanza, ubishi wake wa kuninyima nisipime hata pima moja.

"Kamba zilikuwa nyingi," nikasema, "lakini zote zilipimwa kwa mikono ya mtu mmoja."

Akainua kichwa. "Huyo mtu yu hai?"

Tulikwenda pamoja. Bi Mtaalamu alimpigia goti Faki kwa shikamoo, akamweleza anachotaka, na Faki akaomba alazwe chali juu ya mkeka, mikono aitanue. Wa kulia ulikwenda wenyewe. Wa kushoto ulikuwa umekunjika kifuani kama bawa la kuku. Nikaushika kifundoni nikaanza kuunyoosha, polepole, nikamwona anauma meno, nikaregeza.

"Nyoosha," akasema. "Usinionee huruma ukaja ukanipunguza."

Nikanyoosha. Kidole kwa kidole nikavifungua, Bi Time akimshika bega, Bi Mtaalamu akapitisha tepu juu ya kifua chake toka ncha mpaka ncha. Akapima mara tatu. Mita moja na sentimita sabini na mbili. Akakaa pale pale kwenye mkeka, akalifungua daftari, akaanza kugawa kila namba yangu kwa mbili na kuizidisha kwa kipimo cha Faki. Namba saba: pima ishirini na mbili, ikatoka thalathini na nane kasoro kidogo. Akaangalia karatasi yake ya kifaa. Akafanya mti wa pili, wa tatu, wa kumi. Yote ilikaa pale pale ilipokuwa, na kuna mmoja mdogo ulikuwa umekua. Laiti tungechanganya mikono, mimi nusu na yeye nusu, hakuna mtu ambaye angeweza kuzifungua hesabu zile tena.

Faki alikuwa ananitazama mimi, si yeye. "Imekufa?" akauliza.

"Haujafa hata mmoja," Bi Mtaalamu akamjibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Orodha ilifutwa. Wakataji hawakuja. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaipokea kwa mikono miwili kwa sababu ni haki yangu, na iko nyumbani pamoja na vyeti vyangu. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari lile Bi Mtaalamu aliandika kwa mkono wake kwamba vimo vyote humu vimepimwa kwa pima ya Faki wa Micheweni, na hesabu yake. Nikastaafu miezi minne baadae. Kwenye maagano walinisifia mambo mengi ambayo sikuyafanya, kama kawaida ya maagano.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba tepu ukiangusha, sema siku hiyo hiyo. Siku ya pili inakuwa nzito, na siku ya mia hainyanyuki. Zaidi ya hapo sina wasia. Miguu yangu ina makovu ya kamba, magoti yanalia nikirukuu, na kazi ile ningeifanya tena kesho kama ningepata wa kunishikia chini.

Bi Time aliona kwamba mkono wa mumewe ulilegea kidogo baada ya siku ile tuliponyoosha, akaniomba nije niwe nauzoesha. Basi kila Ijumaa baada ya sala nakwenda Micheweni, namlaza Faki juu ya mkeka, namnyoosha, naye ananitukana taratibu. Sharti lake ni kwamba nikimaliza nipime. Mwanzo alikuwa anafika kulekule, moja na sabini na mbili, tukawa tunafurahi. Mwezi huu mkono umekataa. Ijumaa iliyopita nilivuta mpaka nikaogopa, nikasoma tepu, nikaanza kuikunja.

"Ngapi?" akauliza.

Ningeweza kusema yoyote. Yeye haioni tepu, Bi Time yuko jikoni, na nilikuwa nampenda kupita kiasi cha kumwambia.

"Sitini na nne, Faki. Umepungua."

Akafumba macho, akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu.

"Andika," akasema.